Maili za Kumpeleka Mama Makka

Mama yangu nilimpandisha daraja la kwanza kwa hasira. Watu wa Biryogo, mtaa wetu hapa Kigali, walisema ni mapenzi ya mtoto kwa mzazi wake, na shehe akaitaja habari hiyo msikitini kwa sifa, nami nikainamisha kichwa kama mtu mwenye haya. Mapenzi yalikuwapo, siyakatai. Lakini mapenzi peke yake yangemweka mama kwenye kiti chochote, akatazama mawingu akafurahi. Aliyemweka mbele kabisa ni mjomba wangu, na wala hakujua kwamba ndiye.

Mjomba alikuwa kaka wa mama, tumbo moja. Baba yao alifika Rwanda na wafanyabiashara wa pwani, akaoa hapa, akafungua duka la vitambaa. Alipokufa, mjomba alirithi duka na mama alirithi cherehani. Duka lilihamia mjini, likapata kioo mbele na stoo kubwa Gikondo. Cherehani ilibaki Biryogo, barazani, na mimi ndiye niliyeiketia baada ya kuachika, nikiwa na miaka thelathini na mmoja na sina mtoto. Mama hakuzaa mwingine. Baba yangu alikwisha fariki. Kwa hiyo palipotakiwa mwanamume katika nyumba yetu, iwe kwenye ndoa, mazishi au karatasi za serikali, aliitwa mjomba, na mjomba alikuja akiwa amechelewa na funguo za gari mkononi.

Katikati ya miaka ya themanini mabibi harusi wa Kigali walianza kutaka lesi za Dubai. Zile za Nairobi hawakuzitaka tena. Mjomba alijua kuuza kitambaa, lakini kukichagua hakujua. Angeweza kununua satini ya pazia akaileta kama ya gauni. Akaja kwetu Ijumaa moja, akaketi kwenye mkeka wa mama, akasema, "Dada, nipe huyu binti anisafirie. Yeye iko na macho ya kitambaa. Na mimi nitakupeleka Makka. Kama si mwaka huu, mwakani."

Mama aliweka kikombe chini. Tangu nilipopata akili nilimsikia akitaja Makka kila baada ya sala, jinsi wengine wanavyotaja mtoto aliye mbali. Alinitazama. Nikasema nitakwenda. Mshahara sikuutaja, kwa sababu mshahara wangu ulikuwa umekaa hapo mbele yangu, umefunika mdomo kwa mtandio, unalia.

Basi nikawa msafiri. Safari tano, sita kwa mwaka, kwa miaka mitatu. Ndege ya shirika moja la kigeni ilitua uwanja wa Kanombe mara mbili kwa wiki, ikatupeleka mji wa kwao, na pale tukabadilisha kwenda Dubai. Hakuna hata mmoja katika ukoo aliyeuliza mwanamke anakwendaje nchi za watu bila maharimu, yaani mwanamume wa damu yake wa kufuatana naye. Majora ya lesi hayakuhitaji maharimu.

Mjomba alinikatia tiketi ya bei ya chini kuliko zote, na tiketi hiyo ilikuwa na kiti chake, kilekile kila mara: mstari wa mwisho, kando ya njia, mgongo ukiwa umegusa ukuta wa choo. Kiti hicho hakikulala nyuma. Kila aliyekwenda chooni alinigonga bega, na kila aliyetoka alinigonga tena. Nilirudi na mafurushi mapajani, kwa kuwa mjomba alisema lesi ya dhahabu isiwekwe na mizigo mingine, itachanika. Mbele kule kulikuwa na pazia la rangi ya buluu. Mhudumu akilifungua, ilitoka harufu ya kahawa, na niliona mguu wa mtu uliovaa soksi nene ya kijivu, umenyooshwa mpaka mwisho. Mama sikumwambia lolote kati ya hayo. Akiuliza, "Ndege ikoje?" nilimjibu, "Kama kukaa sebuleni, mama."

Mwaka wa kwanza nilimshonea gauni jeupe la kuhijia, la pamba nzito, lenye mikono mirefu. Alilikunja akalitia sandukuni na kipande cha sabuni ya kunukia. Tena akaanza mazoezi. Alisikia kwamba kuizunguka Kaaba ni mara saba, na magoti yake hayakuwa mazuri, basi kila baada ya sala ya alfajiri alikuwa akiizunguka nyumba yetu mara saba, mkono mmoja ukutani. Majirani walizoea. Mara ya nne alikuwa akipumzika kidogo penye bomba.

Mwaka huo, juu ya mkeka wetu, mjomba alisema biashara haijakaa sawa, mwakani. Mwaka wa pili, kule stoo Gikondo, alisema anajenga nyumba Kicukiro, mwakani. Mwaka wa tatu hakuwa na biashara mbaya wala nyumba ya kujenga. Sikukuu ya Idi, Ramadhani ilipokwisha, alitualika chakula katika hiyo nyumba mpya, na tulipokwisha kula pilau akatangaza kwamba mwaka huu, Mungu akipenda, anakwenda kuhiji. Mama akainua mikono akashukuru. Mjomba akaendelea: anakwenda na mke wake mdogo, aliyemwoa mwezi wa saba uliopita tu. Akamgeukia mama kama mtu anayekumbuka kitu dukani. "Na wewe dada, mwakani, inshallah."

"Inshallah," mama akajibu.

Kesho yake alfajiri nilimsikia akitoka. Alizunguka mara moja. Akarudi ndani, akaketi kitandani na viatu vyake.

Mimi nina hasira za kurithi; baba yangu aliwahi kulirudisha gauni la mteja vipande vipande kwa sababu ya neno moja. Lakini sikupiga kelele. Mtumikie kafiri upate mradi wako, wahenga walisema. Nilikuwa nimemtumikia Mwislamu, tena mjomba, tena wa tumbo la mama, na mradi nimeukosa. Ilibidi nitafute mahali pa kumshika, na mahali hapo alikuwa amenipa mwenyewe, kwa mkono wake.

Nieleze. Katika mwaka wa kwanza wa safari zangu, karani wa ofisi ya ndege mjini, kijana mpole aliyevaa tai fupi, alinisukumia fomu. "Madamu," akasema, "weye unapanda ndege kushinda pilote. Jaza hii. Kila safari wanakuandikia maili. Zikijaa, wanakupa tiketi ya bure."

"Wanampa nani?"

"Mwenye jina. Mwenye kukaa kwa kiti."

Nikajaza. Palipotakiwa sanduku la posta sikuwa nalo, Biryogo nani alikuwa nalo, nikaandika la mjomba. Barua zikaanza kuja dukani, kila baada ya miezi michache, karatasi nzuri nzito yenye picha ya ndege juu. Mjomba alizifungua kama alivyofungua kila kitu. Kifaransa hakusoma, akaona picha, akaona tarakimu, akadhani ni matangazo. Lakini karatasi ilikuwa nzuri, na nyuma ilikuwa nyeupe. Akawa anaandika huko nyuma vitambaa anavyovitaka: lesi ya maziwa jora nne, satini nyekundu jora mbili, shifoni. Halafu ananipa niende nayo Dubai. Hivyo ndivyo nilivyopokea hesabu ya maili zangu, zote, kutoka mkononi kwa mjomba, na oda yake mgongoni. Nilizitunza ndani ya droo ya cherehani.

Siku ya tatu baada ya Idi nilizipeleka kwa karani. Alizisoma moja moja, akafungua daftari lake la bei, akaweka rula.

"Ziko za kutosha?" nikauliza. "Za Jeddah, kwenda na kurudi?"

"Ziko. Lakini tiketi ni yako mwenyewe? Ama unampa mtu?"

"Mama yangu."

"Mzazi wanakubali. Mzazi, bwana, mtoto." Aliteremsha rula, akakunja uso. "Shida ni hii, madamu. Wakati wa hija, kule nyuma wamefunga. Kiti ya zawadi haiko. Watu wanalipa, kwa nini watoe bure? Ya mbele ndiyo iko."

"Mbele wapi?"

"Mbele kabisa, daraja la kwanza. Lakini inakula maili mingi sana. Itakula zote, haitabaki hata ya kwenda Bujumbura. Mimi nikushauri ungojee hija iishe, utapata mbili za nyuma."

Nikamwambia hija haingojei mtu. Kisha nikamuuliza lile nililolifikiria tangu aliposema mbele. "Watu wa nyuma wakiingia ndegeni hapa Kanombe, wanapitia wapi?"

Aliniangalia. "Ngazi ni moja, ya mbele. Wanapita hapohapo, pembeni ya kiti."

"Na wa daraja la kwanza wanaingia lini?"

"Wa kwanza."

"Niwekee hicho," nikasema. "Kando ya njia. Tarehe ileile anayosafiri mjomba wangu."

Akatuma teleksi. Jibu lilichukua siku nne, na siku hizo nne nilishona sare za shule kwa kasi niliyoshangaa mwenyewe. Siku ya tano niliichukua tiketi, kijitabu cha kurasa nyembamba zilizopigwa wino mwekundu nyuma, na jina la mama juu.

Kilichobaki kilikuwa kizito kuliko tiketi. Mama hakuweza kupewa viza ya hija bila maharimu, na maharimu wake aliye hai, duniani kote, alikuwa mjomba. Ilitakiwa karatasi yenye sahihi yake kwamba dada yake anafuatana naye. Ningemwendea kumwomba, angesema mwakani. Nikakaa kimya. Nilijua atakuja mwenyewe.

Nilijua kwa sababu ya desturi. Kwetu anayekwenda kuhiji hatoki mpaka amepita kwa ndugu, majirani na wateja kutaka radhi, aende akiwa mweupe. Asiyepewa radhi anakwenda na mzigo, na watu wanajua. Mjomba, aliyekwisha agiza kofia mpya na kuanza kuitikia akiitwa Alhaji kabla hajaondoka, asingeruka nyumba ya dada yake.

Akaja Ijumaa baada ya sala, na kanzu mpya na wazee wawili wa msikitini wa kumsindikiza. Mama akamkaribisha. Mjomba akasema maneno yanayosemwa: kama nilikukosea kwa kujua au kutojua, nisamehe. Mama akamwambia amemsamehe dunia na akhera, na aliposema hivyo nilijua anasema kweli, na hilo liliniudhi zaidi. Kisha mjomba akanigeukia.

"Na wewe, mtoto wa dada?"

"Mimi bado," nikasema.

Wazee waliacha kutafuna tende. Mjomba akacheka. "Mbona bado?"

"Uweke sahihi hapa kwanza." Nikatandaza karatasi ya maharimu juu ya meza ndogo. "Mama anafuatana nawe."

"Anafuatana na tiketi gani? Rwose, kweli kabisa, hii mambo tuliongea. Mwakani."

Nikaweka tiketi juu ya karatasi. Alisoma jina la dada yake mara mbili. Mbele ya wale wazee hakuweza kuuliza mengi. Akasema ataichukua karatasi akaisome vizuri dukani, akaondoka bila radhi yangu. Mama alikuwa ameishika ile tiketi kwa mikono miwili, kama sahani inayotaka kumwagika. Jioni ile alilitoa gauni lake sandukuni, akazunguka nyumba mara saba, na hakupumzika penye bomba.

Furaha hiyo ilidumu usiku mmoja. Asubuhi mjomba alikwenda ofisi ya ndege kuuliza, na saa sita alikuwa kwetu, peke yake, kofia mkononi.

"Maili ni zangu," akasema. Hakuniambia mimi, alimwambia mama. "Tiketi zote nimekata mimi. Safari ni zangu, mzigo ni wangu. Huyu amekaa tu. Amechukua mali yangu bila kuniambia, akakupangia daraja la kwanza kama mke wa balozi. Dada, utahiji na kitu cha wizi? Hija hiyo itapokelewa?"

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilifungua mdomo, lakini mama alishanyanyuka. Alikwenda chumbani. Nilisikia sanduku likifunguka, gauni likirudishwa, sanduku likifungwa. Alipotoka aliiweka tiketi mezani, mbali na mkono wake.

"Kama ina mashaka, siendi," akasema.

Nilimtazama mjomba, na nikaona ameridhika. Siku hiyo nilimchukia kwa moyo wangu wote, na sikutaka kuachana na chuki hiyo, ilinipa nguvu. Nikamwambia, "Twende kwa shehe. Mama, uje nawe. Akisema ni zake, mimi mwenyewe nitakwenda kuifuta tiketi."

Shehe wetu alikuwa mzee aliyesomesha watoto wa Biryogo tangu mimi sijazaliwa. Hakuwahi kupanda ndege. Alitukaribisha kwenye baraza la msikiti baada ya alasiri, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza maili ni nini. Mjomba akasema ni kama punguzo la bei, na punguzo ni la mnunuzi. Mimi nikasema ni zawadi ya shirika kwa abiria. Shehe akakuna ndevu.

"Nani alilipa?"

"Mimi," mjomba akasema.

"Lesi zilipouzwa, faida alichukua nani?"

"Mimi. Ni duka langu."

"Sawa. Na ndege ingeanguka, angekufa nani?"

Mjomba aligeuza kofia mkononi. Nyuma yetu mtu alikuwa akitawadha, maji yakidondoka.

"Yeye," akasema hatimaye.

"Aliyebeba hatari ya mali, faida ya mali ni yake. Umeshaila," shehe akasema. "Aliyebeba hatari ya mwili, je?" Akanyoosha mkono nimpe barua. Nikampa zote. Aliangalia picha ya ndege, akaangalia jina langu, akaigeuza ya juu. Akaigeuza ya pili, na ya tatu. "Satini nyekundu jora mbili. Huu ni mwandiko wa nani?"

"Wangu," mjomba akasema kwa sauti ndogo.

"Barua zilifika kwako kwanza, kwa jina lake. Ukazifungua, ukaziandikia mahitaji yako, ukampa. Miaka mitatu. Hukudai." Shehe alizipanga vizuri, akanirudishia. Kisha akamgeukia mama. "Hajati," akamwita, na hajaenda bado, "hili ni jasho la mwanao. Nenda." Akachomoa kalamu kwenye mfuko wa kanzu yake akampa mjomba. Mjomba aliitoa mfukoni ile karatasi ya maharimu, akaiwekea sahihi juu ya goti lake, na wino ukapenya kanzu mpya.

Siku ya safari tulikodi teksi. Tulipopita Gisimenti mama alinishika mkono akauliza kama huko mbele nitamwona akihitaji kitu, nikamkumbusha kwamba mimi siendi. Uwanjani waliita daraja la kwanza. Akaenda peke yake, mdogo ndani ya gauni jeupe, amebeba mfuko wa plastiki wenye chapati. Nilipanda juu kwenye baraza la kupungia watu. Nikamwona akipanda ile ngazi moja, ya mbele, mhudumu akimpokea kwa kiwiko. Halafu wakaita wengine. Mjomba alikuwa kwenye foleni, amejitwisha kikapu cha mke wake begani, na mafurushi mawili mkononi. Alipoingia mlangoni nilianza kuhesabu hatua zake kichwani: moja, mbili, tatu, sasa amefika. Sikuona kitu, mlango ulikuwa mweusi tu. Lakini nilinunua sambusa mbili nikazila palepale, na sijala sambusa tamu kama zile tena.

Walirudi baada ya wiki tano. Mama alikuwa mweusi kwa jua, amepungua, na macho yake yalikuwa yametulia namna ambayo sikuwahi kuyaona. Alinipa maji ya zamzam, tasbihi, na soksi nene za kijivu zilizofungwa bado ndani ya plastiki. "Walinigawia kule mbele," akasema. "Sikuzivaa, nilikuwekea wewe."

Nilimuuliza lile moja. "Alipita?"

"Alipita."

"Akakuona?"

"Aliniona. Kikapu kilinigusa kichwani. Akasema samahani, halafu akaona ni mimi."

"Akafanyaje?"

"Mwanangu, alikwenda kukaa. Sasa unataka afanyeje?" Nilimfanya anisimulie tena kesho yake, na keshokutwa. Alisimulia bila raha, kama mtu anayemlipa mtoto pipi.

Jumapili mjomba alifanya karamu ya kurudi, Kicukiro, na watu wakajaa sebuleni wakimwita Alhaji. Viatu vilivuliwa mlangoni. Nilikuwa napitisha sinia ya visheti nilipoangalia chini, na miguu ya mjomba ilikuwa imenyooshwa juu ya zulia, ndani ya soksi nene za kijivu. Nazijua soksi hizo. Nilizitazama kwa miaka mitatu kupitia pazia.

Sikungoja karamu iishe. Tulipofika nyumbani nilimuuliza mama, na sauti yangu haikuwa ya adabu. "Amezipata wapi?"

Mama alikuwa anafungua mtandio. "Wakati wa kurudi alikuwa na homa," akasema. "Miguu imevimba, imetoka malengelenge, kutembea hawezi. Nikamwambia mhudumu, huyu akae kwangu, mimi nikae kwake."

"Umempa kiti changu."

"Nilimpa kiti changu. Wewe ulinipa, si ndiyo?"

Nikaanza kuzungumza, sijui nilisema nini, nilisema mengi. Nilikuwa nimemfungia mjomba mlango, na mama ameufungua kwa nyuma. Maili zote, shehe, teleksi, ili yule alale na kahawa na mguu ameunyoosha! Mama alingoja nimalize. Hakukasirika.

"Si homa tu," akasema. "Karani yule wa tai, aliyepokea tiketi yangu uwanjani siku ya kuondoka, aliniambia mwanao anakaaga mstari wa mwisho, penye choo. Mjomba wako naye, wakati wa kurudi, kiti chake kilikuwa pale pale. Nikataka kukaa hapo. Nikae saa zote, nione." Akaweka mtandio magotini akaukunja. "Hakilali kile kiti."

"Hakilali."

"Kila mtu akipita anakugonga. Akienda, akirudi. Mimi ni mtu mzima, hata hawakuomba radhi." Akaufungua mtandio, akaukunja upya. "Wewe ulinambia ni kama sebuleni. Miaka mitatu."

Nilichukua ule mtandio magotini mwake nikautia sandukuni.

Mjomba alikuja Jumatano, bila wazee, na kopo la tende. Nilikuwa nashona. Mama alimwamkia kisha akaingia ndani, akatuachia baraza. Mjomba alivua viatu, akaketi kwenye mkeka, na zile soksi alizivaa tena. Nadhani hakuwa na habari zinanifanya nini. Alizungumza habari za Arafa, joto, umati. Kisha akasema, taratibu, na sauti yake haikuwa ya dukani, "Mtoto wa dada, nilikwenda na radhi za watu wote, isipokuwa yako. Pale Arafa nililia sababu yako. Nipe."

Aliomba kwa kweli. Nilimwona, na sisemi uongo, anaomba kwa kweli. Nilisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Inshallah, mjomba," nikasema. "Mwakani."

Aliinua macho. Nilimwona akilitafuta neno hilo mahali alipolisikia, na nilimwona akilipata: mkekani hapohapo, halafu stoo Gikondo, halafu juu ya pilau. Hakubisha. Alitazama miguu yake.

"Mara ngapi?" akauliza.

"Tatu. Kama zako."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei ambayo anajua ni ya haki. Akavaa viatu juu ya zile soksi, akaaga, akaenda zake. Mwaka uliofuata alirudi siku ileile akapewa mwakani ya pili, na uliofuata akapewa ya tatu, na sikumwongezea wala sikumpunguzia.

Lakini Jumatano ile, gari lake lilipokwisha kuondoka, mama alitoka ndani akauliza kama nimempa radhi.

"Nimempa tarehe," nikasema.

Nilingoja anigombeze, ana haki, ni Hajati. Alivuta kigoda akaketi nyuma yangu, akaweka mkono juu ya bega langu, lile la upande wa njia ya ndegeni, akaanza kulisugua.